Gravity Forms kwa Mapendekezo ya Biashara: Shilingi Utaiweka Mwenyewe

Ofisi inayouza vifaa vya jikoni kwa hoteli na shule jijini Nairobi huandika mapendekezo ya biashara karibu kila siku, na sehemu ambayo mteja huisoma kwanza, hata ikiwekwa ukurasa wa mwisho, ni bei. Ndiyo maana nimeitathmini Gravity Forms, programu-jalizi ya kutengeneza fomu tunayoitumia kwenye tovuti yetu inayoendeshwa kwa mfumo wa WordPress kupokea maombi ya wateja na kuandaa mapendekezo, kwa kigezo kimoja tu, yaani namna inavyokishughulikia kisanduku cha fedha. Uzuri wa rangi zake na wepesi wa kupanga maswali nawaachia wengine.

Programu hii hutolewa na kampuni ya Rocketgenius ya Marekani na imekuwapo sokoni tangu mwaka 2009. Haina toleo la bure, na leseni hulipiwa kwa dola kila mwaka, jambo linalomfanya mfanyabiashara mdogo ajiulize mara mbili. Anayetaka kuepuka gharama hukimbilia Google Forms, lakini huko hakuna kisanduku cha fedha kabisa: unaweza kudai jibu liwe tarakimu, basi. Alama ya sarafu, mkato wa maelfu na hesabu ya jumla havimo.

Kwa Mkenya, kikwazo cha kwanza hujitokeza mapema. Orodha ya sarafu inayokuja na programu ina dola, yuro, pauni na hata randi ya Afrika Kusini, lakini shilingi ya Kenya tuliikosa. Dawa yake ipo, nayo ni kichujio kiitwacho gform_currencies, yaani kipande cha msimbo wa programu ambacho fundi wa tovuti hukiandika kwa mistari michache na kueleza jina la sarafu, alama ya kushoto au ya kulia, nafasi kati ya alama na tarakimu, kitenganishi cha maelfu, kitenganishi cha desimali, na idadi ya desimali. Kazi yenyewe ni ndogo. Hata hivyo, bidhaa ya kulipia isiyoijua sarafu ya jiji lenye biashara nyingi kama Nairobi inastahili kupunguziwa alama, hasa kwa kuwa WooCommerce, programu-jalizi ya maduka ya mtandaoni ambayo msingi wake ni wa bure, inaijua.

Ukishafika hapo, uhuru unaopewa ni mkubwa, na ndipo maamuzi yanapoanza. Alama ya «Sh» peke yake haitoshi ikiwa pendekezo litavuka mpaka, kwa maana Uganda na Tanzania nazo zina shilingi, na tofauti ya thamani kati yake si ya kupuuzwa. Sisi tuliamua kutumia KES, msimbo wa kimataifa, ikifuatwa na nafasi moja, ingawa wateja wa mjini wameizoea zaidi KSh. Kuna wahasibu wa shule ambao hawaiamini bei isiyoishia na mkwaju na alama ya usawa, na kwa kweli unaweza kuwaridhisha kwa kuweka «/=» upande wa kulia; ila ukiacha desimali mbili utapata 5,000.00/=, maandishi ambayo hata wao watayatilia shaka.

Suala la desimali linahitaji uangalifu kuliko yote. Kishawishi cha kuondoa senti ni kikubwa, kwa kuwa hakuna anayelipa kwa senti siku hizi na bei isiyo na senti huonekana safi. Lakini kodi ya ongezeko la thamani nchini ni asilimia 16, na asilimia hiyo mara nyingi haitoi shilingi kamili: kifaa cha shilingi 48,735 hudai kodi ya shilingi 7,797.60, na jumla yake ni 56,532.60. Pendekezo lenye mistari mingi likikadiria kila mstari kwa shilingi kamili, jumla ya mwisho inaweza kutofautiana na ya ankara kwa shilingi kadhaa, na hapo ndipo idara ya malipo ya mteja inapopata sababu nzuri ya kurudisha karatasi. Weka desimali mbili, hata kama zote ni sifuri.

Katika ujazaji, programu inastahili sifa. Kisanduku cha tarakimu kikipewa mpangilio wa fedha hakitumii kile kisanduku cha namba cha kivinjari, kwa hiyo gurudumu la kipanya haliwezi kubadilisha bei kimyakimya mtu anaposogeza ukurasa. Thamani huhifadhiwa ikiwa namba tupu, hivyo ukiihamishia kwenye lahajedwali inajumlika bila kusafishwa. Zaidi ya hayo, kila fomu iliyotumwa huhifadhi msimbo wa sarafu iliyotumika wakati huo, na mpangilio ukibadilishwa baadaye, rekodi za zamani hubaki na sarafu yake.

Udhaifu mkubwa ni kwamba sarafu huchaguliwa mara moja kwa tovuti nzima. Biashara ya Nairobi haiendi hivyo. Mteja wa Kampala hutaka bei kwa shilingi ya Uganda, ambayo katika viwango vya kimataifa haina desimali. Hoteli inayoagiza oveni kutoka nje hutaka dola. Shule ya Kiambu hutaka shilingi ya hapa. Fundi anaweza kuibadilisha sarafu kwa msimbo wa programu wa ziada, lakini mtu wa mauzo hawezi kufanya hivyo kwa kubonyeza mahali fulani ndani ya fomu, na huyo ndiye mwenye mteja kwenye simu.

Wateja wa Kongo huleta ugumu wa aina nyingine. Aliyezoea maandishi ya Kifaransa anaweza kutumia nukta kutenganisha maelfu, na 1.500 yake, yaani elfu moja na mia tano, kwa kanuni zetu ni moja na nusu. Bahati nzuri kisanduku kinaruhusu kuwekewa kiwango cha chini, kwa hiyo tumedai bajeti isipungue 10,000 na kuandika mfano chini yake. Kinga hiyo ni rahisi, na sioni kwa nini mtu asiitumie.

Umuhimu wa haya yote huonekana zaidi pale namba za pendekezo zinaponakiliwa kwenye zabuni ya serikali. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinasema kwamba bei iliyowasilishwa na kusomwa wakati wa kufungua zabuni ni ya mwisho, wala haisahihishwi. Sifuri iliyodondoka haina wa kuiokota. Kwa mapendekezo ya shilingi ya Kenya, ambayo ndiyo mengi tunayoandika, leseni tumeihuisha. Yale ya dola na ya Uganda yanaendelea kuandaliwa kwenye lahajedwali, na mtu wa pili huyapitia kabla hayajatumwa.