Kuthaminisha VX ya 1997 kwa ajili ya taito ya bondi, Houston: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye foleni ya ofisi ya kodi ya kaunti: nyota nne kati ya tano. Kwa mgeni wa jambo hili: taito ya bondi ni hati ya umiliki inayotolewa kwa dhamana, pale hati ya awali inapokosekana, na thamani ya gari ndiyo inayopanga kiasi cha dhamana hiyo. Niliyemtumia kuthaminisha gari ni mkadiria hasara wa bima mwenye leseni ya Texas. Anafanya kazi peke yake na anakufuata gari lilipo. Karatasi yake ya thamani ilipita dirishani bila swali hata moja, na hilo ndilo nililokuwa nalilipia. Nyota ya tano nitaeleza imekwenda wapi.

Gari ni Toyota Land Cruiser ya 1997, VX kwa lugha ya nyumbani, shangingi la enzi zile. Mzee aliyeniuzia alilinunua kwa jirani aliyehama jimbo, hakuwahi kubadilisha jina, na hati yenyewe ikapotelea huko huko. Bei ilikuwa dola 6,500, na kilichoishusha ni hiyo karatasi isiyokuwepo. VX yenye hati safi hapa siku hizi haishikiki. Kabla sijatoa hela niliipitisha namba ya chesisi kwenye VINCheck, huduma ya mtandaoni ya NICB (shirika la kampuni za bima linalofuatilia wizi wa magari), ambayo ni bure, ikaonyesha halijaripotiwa kuibwa. Tukaandikiana hati ya mauziano, gari likaja nyumbani.

Kwa gari la namna hii Texas imeweka njia yake, nayo ni hiyo taito ya bondi. Unajaza fomu ya maombi VTR-130-SOF, unaipeleka kituo cha kanda cha TxDMV, idara ya magari ya Texas, pamoja na kitambulisho, ushahidi wa jinsi gari lilivyokufikia, na ada ya dola 15. Wakiridhika wanakupa notisi inayotaja kiasi cha bondi, ambacho ni mara moja na nusu ya thamani ya gari. Bondi unanunua kwa kampuni ya dhamana, unaiwasilisha ofisi ya kodi ya kaunti ndani ya siku 30 tangu itolewe, unalipa kodi ya mauzo asilimia 6.25 na ada ya hati. Bondi inadumu miaka 3. Akijitokeza mwenye haki ndani ya muda huo, kampuni inamlipa yeye, kisha inakuja kukudai wewe. Kwa hiyo msije mkadhani ni bima yenu. Na kama gari lina mkopo ulioandikishwa juu yake ambao haujatimiza miaka 10, tafuteni kwanza barua ya kufutwa kwa mkopo huo, la sivyo hamfiki popote.

Tukija kwenye thamani. Gari la miaka ya karibuni kwa kawaida halihitaji mthamini: TxDMV wana bei yao elekezi mtandaoni, unaingiza namba ya chesisi na maili, bei inatoka. Ikikosekana hapo wanaangalia vitabu vya bei vya kitaifa. Ikikosekana kote, ndipo wanataka fomu ya uthamini VTR-125 iliyojazwa na kusainiwa na muuza magari mwenye leseni ya Texas au mkadiria hasara mwenye leseni. Hao tu. Fundi wako hata awe bingwa wa Toyota kuanzia Tanga mpaka Texas, sahihi yake pale haina kazi. Tena kwa gari lililotimiza miaka 25 kuna kiwango cha chini: hata likithaminiwa dola 1,200, watahesabu 4,000. Maana yake bondi ya gari kongwe haishuki chini ya dola 6,000, kwa hiyo mwenye mkangafu wa kukaa uani asihangaike kumbembeleza mthamini aandike bei ya chuma chakavu.

Nilipoanza kuulizia bei, wa kwanza kujibu ilikuwa kampuni moja ya mtandaoni. Unawatumia picha, wanakurudishia ripoti ndefu yenye rangi na grafu. Nikawauliza kama anayesaini ana leseni ya Texas na kama watajaza VTR-125. Wakanizungusha weee, mara "ripoti yetu inakubalika nchi nzima", mara "wasiliana na ofisi yako". Nikaachana nao. Ripoti ile inaweza kukufaa ukibishana na kampuni ya bima baada ya ajali, lakini kwa bondi ya Texas ni pambo. Wa pili alikuwa muuza magari mwenye yadi, leseni anayo, ila alitaka gari lipelekwe kwake. Gari lisilo na namba wala usajili nilipeleke vipi? Breki-dauni ingekula zaidi ya ada yake. Huyu wa tatu akasema nakuja, dola 175, hela taslimu au hundi.

Alikuja na tochi, brashi ya waya na kopo la dawa ya kusafishia breki. Hakuangalia rangi kwanza kama nilivyotarajia. Alianza na namba ya chesisi. Akaisoma kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele, akailinganisha na stika ya nguzo ya mlango wa dereva, kisha akatandika boksi chini akalala kichalichali karibu na tairi la mbele. Chesisi ilikuwa na tope lililokauka juu ya oili ya miaka. Akasugua, akapuliza dawa, akafuta na tambara, zikaanza kujitokeza herufi moja moja. Akazisoma kwa sauti, zote 17, mimi nikifuatisha kwenye simu. Zikalingana.

Akiwa huko huko chini akapitisha kidole kwenye lile tufe la ekseli nyuma ya tairi, kikatoka na uji mweusi wa grisi na oili. "Sili zimekufa," akasema, akaandika. Aliyemiliki VX anajua ugonjwa huo, hauna jipya. Kilichomfurahisha ni swichi ya kufunga difu, ambayo si kila gari la Marekani lilikuja nayo kiwandani. Akaweka gia nzito, akazungusha swichi, akalisogeza gari polepole kwenye majani. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Hiyo ilifidia sili na zaidi.

Akaandika dola 9,000. Bondi ikawa 13,500, na nilichotoa mfukoni kuinunua ni mia mbili na kidogo, maana hulipi kiasi chote cha bondi, unalipa ada yake tu. Nalisema hili kwa sababu kuna kaka mmoja alinishauri nimbane mthamini aandike 7,000. Pigeni hesabu wenyewe: bondi ingeshuka hadi 10,500, na ada yake ingepungua dola za kuhesabika. Kwa hizo ndiyo umtie mtu majaribuni kuchezea leseni yake? Kwanza huyu wangu hakuwa na sura ya kuchezewa.

Sasa ile nyota. Alichelewa nusu ya siku bila kupiga simu, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Gharama ya umbali aliitaja kazi ikiwa imekwisha, wakati kwenye simu alisema 175 ndiyo kila kitu. Halafu alinitumia skani kwanza, karatasi yenye sahihi ya wino ikaja baadaye kwa posta, baada ya mimi kumkumbusha. Nikimrudia, na nitamrudia, nitataka fomu isainiwe pale pale juu ya boneti kabla hajawasha gari lake.

Wenye maboti msimpigie huyu. Boti Texas ziko chini ya Texas Parks and Wildlife, fomu zao ni nyingine kabisa, na mashine ya nyuma ina hati yake peke yake, mbali na ya boti. Ukinunua boti bila karatasi, ulizia na ya mashine siku hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.