Presha kuka, sloo kuka, na mpira wangu uliopotea

"Mathe, kwani huko Lamu kuni zimeisha?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa duka nililonunua presha kuka yangu ya umeme. Kwa simu, tena kwa vocha yangu, na nyuma yake nasikia mwenzake akicheka. Mimi hapa mtaani wakubwa kwa wadogo huniita khala. Wasionijua huniita bi. Mathe! Mtu niliyemhesabia noti mkononi aniite mathe kama tunagombania kiti cha matatu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza anunue presha kuka au sloo kuka, namkata kauli: nunua sloo kuka, kile chungu cha umeme cha kupika taratibu kwa moto mdogo. Halafu usiku nikilala najiona nimemdanganya. Basi leo nasema yote.

Mimi ni muuza mbaazi. Mbaazi za nazi na mahamri, kibarazani kwangu Langoni, kila alfajiri isipokuwa Ramadhani. Miaka yote nilikuwa napikia makaa. Makaa yatoka bara, kwa hivyo mvua ikinyesha njia ikiharibika, gunia lapanda bei, na mbaazi nazo hazijui habari za bei, zataka moto wa saa mbili, saa tatu. Tena maji yetu yakiingia chumvichumvi hujikaza kama zimetukanwa. Ndipo nikajinyima, nikanunua hiyo presha kuka Mombasa. Ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikateremshwa gatini na kutiwa kwenye shogi la punda mpaka mlangoni. Punda alikuwa na adabu kuliko aliyeniuzia.

Haki yake niiseme: miezi ya kwanza niliisifu mpaka mashoga zangu wakawa wanabadilisha njia. Mbaazi nimeziroweka tangu jioni, maji ya kuzifunika na ushei, kifuniko nimekikaza, nakwenda zangu kusukuma mahamri. Juu ya kifuniko kuna kijipini. Mvuke ukishajaa kinaruka, tk, kisha jikoni kimya. Dakika 15 tangu hiyo tk, nikiiacha ipoe yenyewe, nafungua zimeiva na maganda hayajatoka. Tui silitii mpaka nimeshafungua, maana tui likifungiwa mle hukatika, maji mbali mafuta mbali. Mpwa wangu anayesoma chuo Mombasa alinieleza kuwa ndani mle maji hupita digrii 100, yafika 115 na zaidi, ndiyo maana. Akaongeza kwamba kule Nairobi, kwa vile mji uko juu, maji huchemka kwenye 94 au 95 tu, na maharagwe ya dada yangu kutoiva si kosa lake. Mimi miaka yote nikidhani ni uvivu. Nimemwomba radhi, nusu.

Sasa hiyo Ramadhani. Kumi la kwanza, mume wangu amealika watu kufuturu, na mimi kwa mdomo wangu nimeahidi bokoboko. Anayeijua bokoboko ajua kazi yake: ngano na nyama zipikwe mpaka hujui ipi ni ipi, kisha mwiko mpaka mkono ufe ganzi. Nikasema leo mashine itanipunguzia. Nikatia ngano, nyama, mdalasini na maji, nikafunga baada ya swala ya adhuhuri, nikangoja tk.

Haikuja. Mvuke nauona, lakini watokea ubavuni, chini ya kifuniko, mwembamba, wapiga mluzi kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Nikazima, nikakaza, nikawasha. Mara ya tatu kioo chake kikaandika kwamba chakula chaungua; asante, pua yangu ilikuwa imeshaniambia. Nikafungua. Juu uji, chini gome jeusi la kuezekea nyumba. Nikageuza kifuniko: ule mpira mweupe unaozunguka ndani umevimba upande mmoja, upande wa pili umeacha mwanya wa kupita ukucha. Hata mwaka haujamaliza. Wageni walifuturu kwa tambi na mkate wa mofa niliouomba kwa jirani, nami nikijichekesha mlangoni kama sina neno.

Kesho yake ndiyo nikapiga simu. "Umesoma kitabu?" Kitabu chenyewe nusu Kichina, nusu Kiingereza cha mtu mwenye usingizi. Nikamwambia ni mpira, mwanangu, nitumie mpira mwengine nitaulipia. Akasema niilete dukani. Nikamwambia niko Lamu, ni zaidi ya kilomita 300, nina saumu, na kuna boti kwanza kabla ya hilo basi. Hapo ndipo likatoka lile la kuni.

Nikaituma kwa basi, nauli ya mzigo juu yangu. Ikakaa huko mpaka Ramadhani ikaisha, Idd ikaliwa, watu wakamaliza na kufunga sita. Ikaregea na kikaratasi kimegandishwa juu: IMEPIMWA, IKO SAWA. Nikafungua kifuniko. Mpira hakuna. Uliovimba haumo, na mpya haumo. Kidole changu kinazunguka kwenye kile kifereji kitupu, nasema labda macho. Wameipimaje bila mpira? Nikapiga tena. "Mathe, mpira hauna waranti." Sikuulizia waranti mimi, nauliza mpira wangu uko wapi. Akakata simu.

Nikiwa kwenye eda ya presha kuka, wifi yangu aliye Dubai alinipelekea sloo kuka. Ilifika kumi la mwisho la Ramadhani hiyo hiyo, na hapa nakiri moyo wangu ulihama. Usiku wa kwanza, baada ya taraweh, nilitia miguu ya ng'ombe, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili manga, nikazungusha kitufe kwenye moto wa chini, nikalala. Hakuna kufoka, hakuna kioo cha kukutisha. Saa tisa usiku harufu ikaniamsha kabla ya mpiga daku. Kongoro lile, wallahi, nyama yaachia mfupa ukiitazama tu, na mchuzi wagandisha midomo. Nikakamua ndimu. Mume wangu, ambaye husifu chakula kwa kunyamaza, aliomba bakuli la pili.

Mavyaa wangu akaiita Bi Taratibu. Akaizunguka, akaipapasa ubavuni, akasema, "Hiki si chungu cha kupaliwa makaa tu, ila makaa wameyaficha?" Si uongo. Sisi tumepalia wali na mikate makaa juu na chini tangu enzi za bibi zetu. Lakini mavyaa ana ugonjwa wa kufunua. Kila akipita lazima aone. Na Bi Taratibu ukimfunua umemregesha nyuma karibu nusu saa, maana moto wake ni mdogo, kupanda tena kwamchukua muda. Siku moja mchuzi wa mbuzi uliotiwa asubuhi ulikuwa bado unafikiria wakati wa magharibi.

Hapo bado nilikuwa naapa kwamba presha kuka nimeitaliki. Kisha ikaingia kusi.

Wakati wa kaskazi umeme ukikatika usiku nyumba nzima yajua, feni ikisimama tu mtu aamka amelowa. Kusi kuna baridi yake, feni hatuwashi, umeme waweza kwenda na kurudi usijue. Na Bi Taratibu huyu wa kitufe cha kuzungusha, umeme ukirudi aendelea zake kama hakuna lililotokea. Asubuhi nimekuta mchuzi una uvuguvugu, taa yawaka, kila kitu sawa. Nikatia kijiko kinywani, nikakitema. Umechacha. Ulilala baridi saa ngapi? Hakuna ajuaye. Nilikwenda mpaka kwa jirani mwenye mtoto mchanga, yeye halali, akanambia giza lilikuwa tangu saa sita mpaka karibu na adhana. Nyama kilo mbili. Niliimwaga, paka wakanisubiri mlangoni, na paka wa Lamu mwawajua, hawajui kusita. Hata wao walinusa kwanza.

La maharagwe mekundu silirefushi kwa sababu ya heshima ya watoto wa shemeji. Mjue tu kwamba maharagwe hayo yana sumu yake, na moto wa sloo kuka wa taratibu hauiui. Yaroweke, yamwage maji, kisha yachemshe kwenye moto mkali dakika 10 kamili ndipo uyatie. Nami sikuchemsha. Presha kuka haina habari hiyo, moto wake huiua.

Halafu tokeni. Watu wasema sloo kuka haili umeme. Yangu ni ya wati 200. Ikikaa saa 8 ni uniti 1.6, hesabu ya darasa la nne. Presha kuka ni ya wati 1,000, jina la kutisha, lakini mbaazi zangu huchukua chini ya saa nzima na katikati hujizima na kujiwasha. Haimalizi uniti moja. Nilikaa kibarazani na kalamu, nikapiga hesabu mara mbili, nikakasirika upya, maana ina maana yule kijana ameniuzia kitu kizuri.

Na kwa kuwa nimesema nasema yote, basi na hili: ile bokoboko nilijaza. Nafaka na maharagwe hutoa povu, hayatakiwi kupita nusu ya sufuria, na mimi nilipita sana, nilitaka ibaki ya daku. Ngano ikapanda, ikakwama kwenye mpira, labda ndiyo iliyouvimbisha. Labda. Ningeambiwa kwa heshima ningekubali siku ile ile. Lakini hata ningejaza mpaka shingoni, mpira wa mtu hauchukuliwi! Mtu apeleka gari gereji laregea bila gurudumu, aambiwe liko sawa?

Basi kwa sasa jawabu langu ni hili, nalo halijatulia. Unapikia supu, kongoro, nyama ya mfupa, na umeme wako haukatiki, chukua sloo kuka utaniombea dua. Wapika mbaazi kila siku, una haraka, kuna vizee nyumbani vinavyofunua vifuniko, chukua presha kuka. Ila kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji mpira wa pili, aushike mkononi uuone. Akikwambia "utapatikana", mwachie kitu chake. Au la, wee nunua, kwani nitakuzuia? Mimi mwenyewe jana nimefanya la kufanya.

Mpwa wangu alipita vichochoro vya vipuri huko Mombasa, akapata mpira wa shilingi 300. Kaja nao ndani ya daftari. Ni wa buluu, si mweupe, na ulikuwa mkaidi kuingia kwenye kifereji. Ilibidi niuloweke kwenye maji moto, niupake samli kidogo kwa kidole. Nikatia maji matupu, nikafunga, nikasimama nimekunja mikono. Mavyaa naye akaja, akasimama. Ubavuni hakukutoka kitu. Tukangoja.

Tk.

"Haya," mavyaa akasema, "tia mbaazi." Nikazitia, nusu ya sufuria, si zaidi. Bi Taratibu nimemfunika kitambaa, ataamka Ramadhani ijayo.

Lakini ule mweupe bado nautaka. Nina safari ya Mombasa baada ya mvua, na risiti ninayo.