Walinipigia Windows, wakaacha mlango wazi

Kuunganisha kompyuta, wale wa dukani Kariakoo waliunganisha vizuri, nisiwasingizie. Nyaya zimefungwa kwa mpangilio, feni huzisikii. Miaka mingi nimeitamani kompyuta ya nyumbani ya kuchagua kifaa kimoja kimoja, na pale Kariakoo walipoiwasha mbele yangu nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Kupiga Windows, yaani kuiweka kwenye kompyuta, ndiko walikoniudhi. Nililipa 30,000 zaidi kwa kazi hiyo, nikauliza kwa mdomo wangu: ni halali au imekrakiwa, ile ya wizi? "Halali kabisa, kaka."

Siku chache baadaye nafungua sehemu ya ulinzi, nakuta diski C yote imeingizwa kwenye orodha ya visivyokaguliwa. Diski nzima! Yaani kirusi kikiingia, mlinzi kashaambiwa ageukie ukutani. Wanafanya hivyo ili kile kiprogramu chao cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa kisifutwe. Na kwenye mashine hiyo hiyo mimi nafungua akaunti ya benki, mke wangu anatunza hesabu za kikoba cha wenzake.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kaka, umekuja kutufundisha kazi? Mjini hapa wote wanatumia hiyo hiyo." Wateja wanasikiliza. Hela sikudai, nilitaka jibu tu. Sikupewa.

Nikafuta kila kitu, nikapakua Windows 11 kwa Microsoft wenyewe, nikaiweka kwenye flashi ya GB 8. Ikakwama kwenye ukurasa wa kuunganisha intaneti: draiva ya waifai (kiprogramu cha kukiendesha kifaa hicho) haimo, kitufe cha kuendelea kimefifia, hakibonyezeki. Kilichonivusha ni simu. Niliichomeka kwa waya wa USB, nikairuhusu igawe bando, ukurasa ukapita. Leseni nikainunua. Jioni moja tu, kazi imekwisha!

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwashauri: muunganishiwe pale, Windows mpige wenyewe. Sasa hata hilo naona gumu. Mtu aliyenidanganya usoni kuhusu nisichokiona, nitamwamini vipi kwa vilivyofungiwa ndani ya kasha? Juzi nimechukua bisibisi nikafungua kukagua. Ramu nilizolipia zimo, zote mbili, na diski ndiyo ile ile.

Lakini sirudi.