TAHADHARI: Nimeuziwa Windows 11 ya kupakwa rangi

Ndugu zangu wa Busia, Malaba na nyinyi mlioko Kampala, someni hili kabla hamjampa mtu laptopu "aipandishe" Windows. Mimi nimeshapigwa laki moja na nusu, na hiyo hela ndiyo hasara ndogo.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, karibu na mpaka. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta haikuchoka kunikumbusha. Humo ndani naweka nakala za pasipoti na karatasi za forodha za watu, basi nikaingiwa na hofu. Nilipokwenda Kampala kununua karatasi nikaibeba. Kwenye arkedi moja karibu na Old Taxi Park, kijana mwenye meza na bango la Windows 11 akanidaka kabla sijauliza chochote.

"Nyabo, saa mbili tu, inatoka mpya."

Nikamwambia mashine yangu ya zamani, prosesa yake (ubongo wa kompyuta) ni i5-6300U. Akacheka: zote zinakubali. Akaipeleka nyuma ya pazia, nami nikaenda zangu kutafuta karatasi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Iliporudi ilipendeza kweli. Aikoni zimekaa katikati chini, lile ua la bluu limejaa kwenye skrini. Nikatuma pesa kwa simu. Jina lililotokea halikuwa alilonitajia, akasema laini ni ya mkewe. Risiti ni kipande cha karatasi kilichoandikwa "kazi ya kompyuta", basi.

Wiki ya tatu mashine ikaanza kukokota. Kufungua faili moja ya Word, mteja anasimama mpaka anaanza kutazama saa. Nikalaumu umeme, nikalaumu joto. Mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo akaniambia, "Shangazi, hebu sogea." Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika winver, akabonyeza Enter. Kikatokea kidirisha kidogo: Windows 10, toleo 22H2.

Yaani kilichobadilishwa ni nguo tu. Ametandika programu ya mapambo juu ya Windows ileile niliyoenda nayo.

Tukaendelea kuchimba. RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, nilipoinunua mashine ilikuwa GB 8, sasa iko 4. Kinga ya virusi imezimwa, na kuna folda imewekwa kwenye orodha ya zile zisizokaguliwa, yaani kirusi kikijificha humo hakionekani. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, maana wiki tatu nzima nilikuwa nafungua kwenye mashine hiyo barua pepe na akaunti za kazi.

Namba yake haipatikani. Niliporudi arkedi nikakuta binti anauza kava za simu, anasema yeye kakodi meza majuzi tu na hamjui mtu huyo.

Sasa sikieni. Kama mashine yako inafaa, kutoka Windows 10 kwenda 11 ni bure. Unaingia Settings, kisha Windows Update, na yenyewe inakuambia. Utakachotumia ni bando la GB kadhaa na subira. Ukimlipa fundi, unalipia muda wake, si Windows. Mashine inatakiwa iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama iliyo ndani ya kompyuta), RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Kwa prosesa za kawaida za Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu: kwenye i5-6300U ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo yangu haikufaa tangu mwanzo na yule kijana alilijua hilo vizuri. Kwa sisi wenye hizi za zamani Microsoft imeongeza muda wa masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha palepale kwenye Windows Update, na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, hulipi.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, piga picha ya ukurasa unaoonyesha RAM kabla hujamkabidhi, kaa hapo hapo mezani, na winver iandike wewe mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Nywila zote nimebadilisha kwa simu, laptopu imefutwa na kuwekwa upya. Wateja walioniachia pasipoti zao nimeanza kuwapigia mmoja mmoja. Jana nimefika wa kumi na tatu.