Soksi za maua kwa uzi wa Drops Fabel: nilichojifunza kuhusu rangi

Jozi yangu ya kwanza ya maua niliifuma kwa rangi ya damu ya mzee na kijani cha chupa. Dukani, donge kando ya donge, zilipendeza mno. Nikafuma wiki tatu, kila jioni baada ya kazi, maua ya nyota kuzunguka mguu mzima kutoka juu hadi kifundoni. Siku nilipomaliza nikazivaa, nikasimama mbele ya kioo, na sikuona ua hata moja. Niliona soksi za rangi ya ugoro. Ukiinama na kuzikaribia, maua yapo, kila kitanzi mahali pake. Ukirudi nyuma hatua tatu, yamezama.

Ndugu kadhaa wanaoishi huku kwenye baridi wameniuliza natumia uzi gani, ndiyo maana naandika. Natumia Drops Fabel, tena nimeshafuma nao jozi tatu za maua na nyingine nyingi za rangi moja. Ni uzi mzuri na nitaueleza. Ila jozi ile iliyozama nayo ilikuwa ya Fabel hiyohiyo. Uzi haukuwa na kosa, rangi nilichagua vibaya mimi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya itakuwa juu ya rangi.

Mimi ni mtu wa Lushoto, naishi Trondheim, Norwei. Kufuma nilifundishwa na mama, kwa kroshia, vile vitambaa vya kutandika kwenye makochi na juu ya redio. Vitambaa vile ni vyeupe tupu. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa na mazoezi ya miaka, lakini jicho langu halikuwa limewahi kuamua rangi ipi ikae na ipi.

Kwanza uzi wenyewe. Fabel ni asilimia 75 sufu na asilimia 25 poliamidi, yaani jamii ya nailoni. Donge moja ni gramu 50, urefu kama mita 205. Hiyo poliamidi msiidharau. Soksi zangu za mwanzo kabisa, kabla sijaujua uzi huu, nilizifuma kwa sufu tupu, laini kama manyoya ya kifaranga, na kisigino kilitoboka kabla baridi haijaisha. Sufu inaleta joto, poliamidi inabeba msuguano wa kiatu. Sufu ya Fabel pia imetiwa dawa ili isigandamane ikifuliwa, kwa hiyo unaitia mashineni kwa nyuzi joto 40 na inatoka salama. Kwa zawadi hili ni jambo kubwa, maana mtu unayempa soksi hatakaa kuzifua kwa mkono na maji ya vuguvugu kama mtoto mchanga.

Dawa hiyo ina upande wake wa pili. Inaufanya uzi uteleze. Sufu isiyotiwa dawa ina ukwaru kidogo, nyuzi mbili zikikaa pamoja zinashikana. Nilifuma kofia kwa uzi mwingine, Spindrift ya Jamieson's of Shetland, sufu tupu ya kondoo wa visiwa vya Shetland huko Uskoti, donge la gramu 25 lenye mita 105, na maua yalijipanga yenyewe kama vigae juu ya paa. Rangi zake nyingi ni za mchanganyiko: manyoya ya rangi mbalimbali yanachanganywa kabla ya kusokotwa, hivyo kijani kimoja kina ndani yake chembe za bluu na manjano. Kwa kofia na sweta sioni uzi unaoushinda. Kwa soksi za kuingia kwenye buti kila siku nabaki na Fabel, kwa sababu ya kisigino. Navuta mkono taratibu na kuhakikisha nyuzi zote mbili zinakaza sawa, kwa sababu uzi unaoteleza hauwezi kuficha mkono usiotulia.

Sasa rangi.

Jirani yangu ni bibi wa umri wa kumzaa mama yangu, na amefuma tangu utotoni. Nilimwonyesha jozi ile iliyozama. Hakusema mbaya wala nzuri. Aliniambia nifinye macho mpaka yabaki kama ufa, kisha nizitazame tena. Nikafinya. Damu ya mzee na kijani cha chupa vikawa kitu kimoja, giza moja. Akaingia ndani, akaleta glavu zake za Selbu, nyeusi na nyeupe, nikafinya macho tena, na ile nyota ya pembe nane ilisimama palepale kama imechongwa.

Selbu ni sehemu iliyo kusini-mashariki ya Trondheim. Glavu hizi zinahesabiwa kuanza 1857, pale msichana aitwaye Marit Emstad alipofuma za rangi mbili zenye nyota na kwenda nazo kanisani. Tangu hapo nyota ile imekuwa kama nembo ya nchi nzima, iko kwenye sweta, kofia, soksi. Sufu yake ya asili haikuhitaji hata kutiwa rangi: weupe wa kondoo na weusi wa kondoo. Nilipoziona nikakumbuka kisutu. Mwenye kujua kanga anaijua kisutu kutoka upande wa pili wa barabara, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ule weupe ndio unaoifanya isomeke. Kumbe jibu nilikuwa nalo sandukuni siku zote.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba jicho linapima rangi kwa vipimo viwili. Kimoja ni aina: hii nyekundu, hii kijani. Kingine ni kiasi cha mwanga: hii imekolea, hii imepauka. Sisi dukani tunachagua kwa kipimo cha kwanza, lakini maua madogo ya kufuma, yenye vitanzi vitatu au vitano tu, yanasomeka kwa kipimo cha pili. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa mbali sana kwa aina na bado zikalingana kabisa kwa mwanga.

Siku hizi sinunui bila kupiga picha. Naweka madonge mawili kando kwa kando, napiga picha kwa simu, kisha naigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Yakitoka kijivu kimoja, narudisha moja kabatini hata kama moyo unauma. Yakitoka moja jeupe na jingine jeusi, naenda kulipa. Na picha hiyo naipiga dirishani. Desemba hapa Trondheim jua linazama saa nane na nusu mchana, kwa hiyo ukienda dukani baada ya kazi unachagua chini ya taa, na taa ya manjano inaongopa. Bluu iliyokolea inaonekana nyeusi, rangi ya maziwa inaonekana krimu. Mimi naenda Jumamosi, mapema.

Jozi ya pili niliifuma kwa bluu ya usiku na rangi ya maziwa. Hiyo ndiyo iliyonirudishia moyo. Ya tatu nilitaka manjano ya bizari juu ya kijivu cha majivu. Macho yangu yaliniapia kwamba zinatofautiana kama mchana na usiku, lakini picha ikasema ni ndugu. Nikabadilisha kijivu cha majivu nikachukua kijivu cha makaa, na manjano yakawaka. Ni soksi ninazozipenda kuliko zote.

Fabel ina pia madonge yanayobadilika rangi yenyewe kadiri unavyofuma. Yanavutia sana rafuni, na mtu anaweza kufikiri ukichukua mawili ya namna hiyo utapata maua ya ajabu. Usifanye hivyo. Yatafika mahali rangi zikutane, na ua litakatika katikati kama redio inayopoteza stesheni. Chukua moja linalobadilika na moja la rangi moja, na hakikisha kila rangi iliyo ndani ya lile linalobadilika imepauka kuliko hilo jingine, au kila moja imekolea kuliko hilo jingine. Ikipanda mlima na kushuka bonde, achana nayo.

Kuna jambo jingine ambalo ramani za kufuma nilizowahi kutumia hazikuniambia, nikaligundua nilipoona soksi ya kushoto na ya kulia za jozi ya pili hazifanani. Rangi zilezile, sindano zilezile, lakini kulia maua yalikuwa manene na kushoto membamba. Unapofuma kwa nyuzi mbili, upande wa ndani uzi mmoja unapita juu na mwingine unapita chini. Ule unaopita chini unatoa vitanzi vikubwa kidogo, na kwa hiyo rangi yake inajitokeza. Rangi ya maua ipite chini, ya uwanja ipite juu, na usibadilishe mpaka soksi zote mbili ziishe. Niliifumua ya kushoto nikaifuma upya, na zikafanana.

Kuhusu rangi kuchuja: Fabel haijanichujia mpaka leo. Uzi mwingine, wa mtengenezaji ambaye sitamtaja, ulinichujia vibaya. Nyekundu juu ya nyeupe, fuo la kwanza, nyeupe ikawa waridi. Nilijaribu kuloweka kwa maji ya chumvi kama tunavyofanya kwa kanga mpya, haikusaidia kitu. Tangu siku hiyo, nyekundu yoyote na bluu yoyote iliyokolea, nakata kipande cha uzi urefu wa kiganja, nakilowesha maji ya uvuguvugu, nakibana ndani ya kitambaa cheupe na kukiacha usiku kucha. Kitambaa kikibaki cheupe, naanza kufuma.

Na upana. Soksi ya kawaida inavutika, ya maua haivutiki sana, kwa sababu nyuzi zinazopita kwa ndani zinaishikilia. Niliwahi kufuma soksi nzuri ambayo haikupita kisiginoni. Kwa mguu wangu, soksi ya rangi moja ni vitanzi 64 kwa sindano za milimita 2.5. Ya maua naanza na 72, na nikifika kwenye maua nahamia sindano za milimita 3. Hesabu ya 72 inagawanyika kwa 8 na kwa 12, hivyo michoro mingi inaingia bila kubaki vipande. Ndani, uzi usivuke zaidi ya vitanzi vitano bila kuukamata na mwenzake, la sivyo vidole vitanasa humo kila asubuhi.

Soksi za bluu ya usiku na maziwa nilimpelekea baba. Lushoto mwezi wa Julai si mahali pa mchezo, na miguu yake siku hizi inapata baridi upesi. Zilitumia madonge mawili ya bluu na moja la maziwa, mguu namba 42. Alinipigia simu kwa video, akanyanyua mguu mpaka kwenye kamera. Mtandao ulikuwa dhaifu, sura yake ilikuwa vipande vipande, lakini nyota niliziona zote. Akaniambia, “Mwanangu, shangazi yako ameziona, naye anauliza.”

Shangazi anapenda rangi ya damu ya mzee. Nimeichukua tena, safari hii pamoja na waridi iliyopauka sana. Picha imekubali, kitambaa cheupe kimebaki cheupe, na jana usiku nimefika kisigino cha kwanza.