Kicheza Muziki cha Mfukoni: Kipi Ununue, Kipi Ukipite

Kabla hujasoma karatasi ya sifa, omba ukishike. Kitie mfukoni kikiwa kinaimba, vaa eafoni, kisha bila kukitoa wala kukitazama simamisha wimbo, uwashe tena, ruka kwenye unaofuata, punguza sauti. Ukiweza yote manne, endelea kukifikiria. Usipoweza, kirudishe mezani hata kama muuzaji anakisifia mpaka povu linamtoka.

Utauliza: na ubora wa sauti je? Kwa usikilizaji wa kila siku, yaani njiani, kazini, ukiosha vyombo au ukiutafuta usingizi, hilo limeshakuwa jambo la pili. Chipu inayogeuza namba kuwa sauti, hata ndani ya kifaa cha bei ya chini cha kampuni inayojiheshimu, kwa kawaida ni safi kuliko eafoni itakayochomekwa. Fedha ya ziada ukiwa nayo, iweke kwenye eafoni. Sijaona kicheza muziki kilichoishia drooni kwa sababu ya besi hafifu. Vinaishia huko kwa sababu vimesahau ulipoishia, vimevuruga mpangilio wa albamu, vimejibonyeza vyenyewe mfukoni, au kila ukivihitaji vimezima. Kwa hiyo nimevipanga kwa swali moja: kipi utakuwa bado unakibeba miezi mitatu baada ya kukinunua?

1. Kidogo, cha vitufe, chenye tundu la memori kadi

Hiki ndicho ningemnunulia ndugu yangu bila kumuuliza maswali mengi. Hakina intaneti wala programu za kupakua, na ujumbe wa mtu hauingii katikati ya wimbo. Unakiwasha, kinaimba. Jamii ya SanDisk Clip imeishi kwa sifa hiyo miaka mingi: plastiki nyepesi, kibanio cha kushikiza kwenye nguo, vitufe ambavyo kidole gumba kinavizoea ndani ya siku mbili. Snowsky Echo Mini ya FiiO, iliyotoka 2025, iko kundi hilohilo ingawa imevalishwa sura ya redio kaseti ya mfukoni ya zamani. Ina tundu la kawaida la eafoni la milimita 3.5 na lile pana zaidi la 4.4, na inapokea kadi ya hadi GB 256. Shanling M0 Pro ni ndogo kiasi cha kumezwa na kiganja, na gurudumu lake la sauti ni raha kulizungusha, ila kazi zake nyingi hupitia skrini ya kugusa, na skrini ya kugusa haina alama ya kupapasa ukiwa umetia mkono mfukoni. Ndiyo maana naiweka nyuma ya hizo mbili.

Usidhani kwamba vyote vya kundi hili ni sawa. Kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi, na ndiyo yanayotofautisha kizuri na kero.

La kwanza ni hatua za sauti. Kifaa chenye hatua chache hakina pa kati: usiku hatua ya kwanza inakupigia kelele, na chini yake ni kimya kitupu. Jaribu ukiwa mahali patulivu. Hapohapo, kabla wimbo haujaanza, sikiliza kama kuna mvumo wa "shuuu" nyuma. Eafoni ndogo za kuingia ndani ya sikio huusikia haraka kuliko hedifoni kubwa.

La pili ni kumbukumbu ya ulipoishia. Zima katikati ya wimbo, subiri dakika kumi, washa. Kikianza upya kutoka wimbo wa kwanza wa orodha, kwa mtu wa hotuba na vitabu vya kusikiliza hicho hakifai kabisa. Rekodi ya saa sita haitafutwi kwa kubonyeza kitufe cha kusogeza mbele.

La tatu ni mpangilio. Niliwahi kuwa na kimoja kilichokuwa kikipiga nyimbo kwa utaratibu wa zilivyoingizwa kwenye kadi, si kwa namba zake wala kwa majina yake. Nikiongeza wimbo mmoja uliosahaulika, unakaa mwisho wa albamu milele. Nilivumilia wiki tatu.

Angalia pia swichi ya kufunga vitufe, na kikomo cha kadi. Clip Jam ya SanDisk, kwa mfano, imeandikiwa kadi ya hadi GB 32. Kadi zinazozidi hapo hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, na kifaa kinachojua mfumo wa zamani wa FAT32 peke yake kitaiona kadi hiyo kama haipo. Wengine huiandaa upya kwa FAT32 kwenye kompyuta na inakubali, lakini usinunue ukitegemea hilo.

2. Simu ya zamani ambayo tayari unayo

Toa laini, futa programu zote isipokuwa moja ya kupigia muziki, zima mitandao, jaza nyimbo. Umepata kicheza muziki chenye skrini nzuri kuliko vingi vinavyouzwa. Na jaribio la mfukoni? Linapita kwa mlango wa nyuma: tumia eafoni za waya zenye kitufe. Kwenye simu nyingi, kubonyeza mara moja kunasimamisha wimbo, mara mbili kunaruka.

Kama simu haina tundu la eafoni, itahitaji adapta. Apple iliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengi wakafuata. Kile kiadapta kifupi cha USB-C cha Apple kina chipu yake ya sauti ndani, na ni safi kuliko umbo lake linavyoonyesha, ila ukikichomeka kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo. Kijaribu na simu yako mwenyewe.

Mbona basi simu haikushika namba moja? Betri. Iliyokwisha kuchajiwa miaka minne haina tena nguvu ya kukuahidi safari nzima, na ukiona mgongo wa simu umeanza kuvimba, usiichaji tena, iache kabisa. Halafu kuna udhaifu wetu sisi. Simu iliyotengwa kwa muziki ina tabia ya kurudishiwa mtandao "kwa dakika moja tu", na wiki inayofuata imekuwa simu tena.

3. Cha Android, kwa mtu wa huduma za mtandaoni

Ikiwa nyimbo zako hazimo kwenye faili bali ziko Spotify au kwingineko, na unataka kuzipakua uzisikilize bila mtandao, hapa ndipo pako. Sony NW-A306 ni mfano mzuri: ilipotoka 2023 ilikuwa na Android 12, tundu la memori kadi na, jambo la maana kuliko yote, vitufe halisi ubavuni vya kusimamisha, kuruka na kuongeza sauti. Sony wanaitangaza kwa hadi saa 36 za kucheza, lakini hesabu hiyo ni ya faili zilizomo ndani, kwa programu yao wenyewe. Ukiunganisha Bluetooth na Wi-Fi, saa hizo zinayeyuka. Hifadhi ya ndani ni GB 32 na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, kwa hiyo kadi si hiari.

Kasoro ya kundi zima ni kuzeeka. Kicheza muziki cha kawaida hakijui tarehe. Cha Android kinaijua: itafika siku programu unayoitegemea itadai toleo jipya la mfumo, na kifaa hakitalipata. Siku hiyo kitakuwa bado kizima, kinachaji, kinang'aa, lakini kinachopiga ni faili peke yake.

4. iPod iliyofufuliwa

Hapa naandika kwa moyo, basi nisome kwa tahadhari. Kicheza cha kwanza cha MP3 cha kubebeka kilichouzwa, MPMan ya kampuni ya Saehan ya Korea Kusini, kilitoka 1998 kikiwa na MB 32. Nyimbo za dakika nne kwa kasi ya kilobiti 128 zinaenea nane. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2001, Apple wakaonyesha iPod ya GB 5 na gurudumu lake, na tangu hapo sijaona namna nzuri kuliko hiyo ya kupita kwenye majina elfu moja kwa kidole gumba kimoja. iPod Classic iliachwa 2014, na Mei 2022 Apple wakatangaza mwisho wa iPod touch, ya mwisho katika ukoo.

Mafundi na wapenzi hawakukubali matanga hayo. Wanachukua iPod ya kizazi cha tano, ya 2005, au Classic, wanatoa diski inayozunguka, wanaweka adapta ya memori kadi na betri mpya. Wengine huipakia Rockbox, programu endeshi huria iliyoanza 2001, ambayo inaifundisha kupiga FLAC (aina ya faili za muziki zenye ubora kamili), kitu ambacho iPod hizo hazikuwahi kukijua zenyewe. Matokeo ni matamu. Lakini unanunua kazi ya mikono ya mtu usiyemjua: uliza betri iliwekwa lini, jaribu tundu la eafoni kwa kulizungusha waya taratibu, jaribu swichi ya kufunga. Bluetooth haina. Asiyependa kuchezea kompyuta aipite.

5. Vile vizito vya wapenda sauti

Vizuri, naam. Vina nguvu ya kusukuma hedifoni ngumu za omu 300 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ambazo simu inazinong'oneza tu. Baadhi ya vya kampuni ya Astell&Kern vinazidi gramu 300, vinapata joto, na ukivitia kwenye suruali utatembea ukiegemea upande mmoja. Ni vifaa vya kitini.

6. Visivyo na jina

Unavijua: umbo limeigwa, GB zimeandikwa kwa herufi kubwa. Kumbukumbu ya bandia ni ugonjwa wao mkuu. Kifaa au kadi inajitambulisha kuwa ya GB 64 huku ndani ikiwa na nane, na ukipita hapo nyimbo mpya zinaandikwa juu ya za zamani bila kukuambia. Huku ndiko kununua mbuzi kwenye gunia. Ukishanunua, na hata kadi yenye jina kubwa ifanyie hivi, ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizo huandika mpaka ukingoni kisha husoma zilichoandika, na uongo wote hutoka.

Kuhusu faili na Bluetooth

Hesabu ya nafasi ni nyepesi. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula takriban MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni karibu MB 10. Kadi ya GB 32 inabeba kama 3,000. FLAC, inayobana bila kupoteza chochote, mara nyingi huwa na ukubwa wa nusu au zaidi kidogo ya sauti ya CD. Weka MB 25 hadi 30 kwa wimbo huohuo. Hifadhi FLAC nyumbani, beba MP3. Katikati ya injini na honi, atakayetofautisha mbili hizo kwa sikio nampa heshima yake.

Ukitumia eafoni za Bluetooth, sauti hubanwa upya njiani, na kodeki, yaani mbinu ya kubana huko, lazima ijulikane na pande zote mbili. Kodeki ya LDAC hufika kilobiti 990 kwa sekunde, lakini eafoni zisizoijua zitarudi kwenye SBC ya kawaida au AAC. Usilipie herufi ambazo eafoni zako hazizisomi.

Albamu zikitokea zimevunjika vipande vipande, wasanii kumi na mbili na kila mmoja na wimbo wake mmoja, usikilaumu kifaa haraka. Jaza sehemu ya "msanii wa albamu" kwenye maelezo ya faili kwa programu ya Mp3tag au MusicBrainz Picard. Ni kazi ya jioni moja, inachosha, na haina njia ya mkato.

Sauti juu kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kifaa chenye mpangilio wa kuzuia sauti isipite kiwango fulani kinastahili alama ya ziada, hasa kikiwa cha mtoto.

Boksi na risiti usivitupe. Usiku wa kwanza kichaji mpaka kijae, kiache kinapiga kwa sauti unayoitumia kila siku, skrini ikiwa imezimwa. Andika saa uliyoanza. Kesho yake angalia kimezima saa ngapi: kikishindwa kufikisha hata nusu ya muda kiliotangaziwa, kirudishe siku hiyohiyo.