Jardin des Plantes, Paris: nendeni kwa ajili ya miti

Kama mna nusu siku tu Paris, achaneni kwanza na foleni za makumbusho makubwa, nendeni Jardin des Plantes, karibu na stesheni ya Austerlitz. Kuingia bustanini ni bure. Mnalipia majumba ya maonyesho, nyumba za vioo zenye mimea ya nchi za joto, na bustani ya wanyama iliyo humo humo ndani.

Wageni wengi hupiga picha maua ya katikati kisha wakaondoka. Maua yanapendeza, sikatai, ila kilichonishika mimi ni miti. Mingi ina vibao, na ukivisoma unaona kwamba hapa palikuwa mahali pa elimu kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Mfalme Louis XIII ndiye aliyeidhinisha bustani hii mwaka 1626, kwa ajili ya mimea ya dawa; umma ukafunguliwa milango mwaka 1640. Kuna robinia, mti wa jamii ya kunde wenye asili ya Amerika Kaskazini, uliopandwa hapo mwaka 1636! Kwenye mteremko wa kilima chenye vijia vya kuzunguka kuna mwerezi wa Lebanoni, uliopandwa na mtaalamu wa mimea Bernard de Jussieu mwaka 1734. Wafaransa husimulia kwamba mche wake aliubeba ndani ya kofia. Mimi hapo nilicheka tu, lakini mti wenyewe si wa kuchekwa: matawi yake yametanda hadi ukikaa chini yake jua unalisahau. Endeleeni kupanda mpaka kileleni, kwenye kibanda cha chuma cha enzi za Buffon, aliyeisimamia bustani kuanzia 1739 hadi alipofariki mwaka 1788.

Bustani ya wanyama ina kisa kinachotuhusu Waafrika. Mwaka 1827 twiga kutoka Sudan, zawadi ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, kwa mfalme wa Ufaransa, alitembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, akaishi hapa mpaka alipokufa mwaka 1845. Siku hizi msitarajie twiga, tembo wala simba. Mwenye hamu ya twiga au simba bora aende bustani ya wanyama ya Vincennes.

Lawama yangu ni moja: mto Seine uko jirani kabisa, lakini ukiwa ndani huuoni, barabara ya magari imekata katikati. Inabidi mtoke, mvuke, mshuke ukingoni kwenye bustani ya Tino-Rossi yenye sanamu. Jioni za kiangazi watu hucheza tango pale, na mtazamaji halipi kitu. Viatu vyeupe viacheni hotelini, njia kuu za bustani zina vumbi.

Mkichoka, tokeni kwa lango la magharibi. Ng'ambo ya barabara ni Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, na mgahawa wake huuza chai ya mnanaa. Ni tamu mno kwangu, lakini nilimaliza glasi.